Earl Sutherland: Aliyegundua jinsi ujumbe unavyoingia ndani ya seli huku mjumbe akibaki mlangoni

Hebu kumbuka siku mbwa wa jirani alipokufukuza. Ulikuwa unatembea zako polepole, pengine umetoka dukani na mkate mkononi, mara ukasikia mbwa akibweka nyuma yako. Kabla hujajua kinachoendelea, moyo ulikuwa unadunda kama ngoma, viganja vimelowa jasho, na miguu imeshaanza safari bila kukuuliza. Ulitimua mbio ambazo hata mwalimu wako wa michezo hajawahi kuziona.

Sasa jiulize: nguvu zile zilitoka wapi? Dakika moja kabla ya hapo hukuwa nazo.

Ukimuuliza mwalimu wa baiolojia atakwambia ni adrenalini, homoni inayomwagwa kwenye damu na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Jibu hilo ni sahihi, ila ni nusu tu. Adrenalini husafiri na damu hadi kwenye ini, ambako mwili umeweka akiba ya sukari. Lakini ikifika pale haiingii ndani ya seli. Inasimama nje, mlangoni. Hata hivyo, baada ya muda mfupi tu, ndani ya seli kazi inaanza na sukari inamiminwa kwenye damu kulisha misuli yako. Je, ni nani aliyepeleka habari ndani?

Aliyelijibu swali hilo ni Mmarekani mmoja kwa jina Earl Wilbur Sutherland. Amefariki zaidi ya nusu karne sasa, na huenda hujawahi kulisikia jina lake. Lakini kama umewahi kumwona mtu mwenye pumu akivuta dawa kifuani akapata nafuu, basi umeona kwa macho yako jambo ambalo yeye alitumia maisha yake kulielewa.

Sutherland alizaliwa tarehe 19 Novemba 1915 katika mji mdogo wa Burlingame, jimbo la Kansas, sehemu ya mashamba katikati ya Marekani. Alikuwa mtoto wa tano kati ya sita. Baba yake alikuwa amewahi kulima, kisha akafungua duka la nguo na bidhaa nyinginezo pale mjini. Kijana Earl alipenda sana kuvua samaki, na mapenzi hayo hakuyaacha hata alipokuwa profesa mwenye sifa duniani. Anayevua samaki kwa ndoana hujifunza mapema kwamba unaweza kukaa saa nyingi bila kupata kitu, na hiyo si sababu ya kurudi nyumbani.

Alipofika umri wa kwenda chuo, uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka. Akiba ya familia iliisha. Lakini Earl hakukata tamaa. Mwaka wa 1933 alijiunga na Chuo cha Washburn mjini Topeka, na ili ajilipie masomo alifanya kazi ya uhudumu katika hospitali, ile kazi ya kusukuma vitanda na kuwahudumia wagonjwa. Kama nawe unasoma huku ukitafuta vibarua vya kulipia karo, basi ujue hauko peke yako katika historia.

Alihitimu mwaka wa 1937, akaenda kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Washington kilichoko mjini St. Louis. Huko ndiko alikokutana na Carl Cori na mkewe Gerty, wanasayansi waliotoka mji wa Prague, Ulaya. Wawili hawa walikuwa wakichunguza jinsi mwili unavyoweka na kutumia sukari. Mwaka wa 1947 walipata Tuzo ya Nobel, na Gerty akawa mwanamke wa kwanza duniani kuipata katika kitengo cha tiba. Carl ndiye aliyemwona kijana huyu darasani na kumpa nafasi katika maabara.

Sutherland alipata shahada ya udaktari mwaka wa 1942, wakati dunia ikiwa vitani. Akapelekwa Ulaya kama daktari wa kikosi katika jeshi la Jenerali George Patton, kisha akafanya kazi katika hospitali ya kijeshi nchini Ujerumani. Alirudi nyumbani mwaka wa 1945 akiwa njia panda. Moyo mmoja ulimwambia afungue kliniki atibu watu, kazi yenye heshima na pesa za uhakika. Moyo mwingine ulimvuta maabara. Carl Cori alimshawishi, naye akachagua maabara.

Ili uelewe alichokuwa akitafuta, fikiria ghala la mahindi. Mwili wako ukishiba huchukua sukari ya ziada na kuipanga kwenye ini kwa minyororo mirefu iitwayo glaikojeni. Hayo ndiyo magunia ya ghalani. Mwili ukihitaji sukari kwa haraka, minyororo hiyo lazima ikatwe, punje moja baada ya nyingine. Mkataji ni kimeng'enya kiitwacho fosforilesi.

Sutherland aligundua kwamba mkataji huyu ndiye anayeamua kasi ya kazi yote. Akiwa amelala, ghala limefungwa. Akiamka, sukari inatoka. Akagundua pia kinachomwamsha: kipande kidogo cha fosfeti kikibandikwa juu yake huwa macho, kikibanduliwa hulala tena. Na adrenalini ilipowekwa kwenye vipande vya ini, fosforilesi iliamka.

Hapo ndipo palipokuwa na fumbo. Adrenalini iko nje, fosforilesi iko ndani. Zinazungumzaje?

Mwaka wa 1953 Sutherland alihamia mji wa Cleveland kuongoza idara ya famakolojia, yaani taaluma ya dawa, katika Chuo Kikuu cha Western Reserve. Huko alishirikiana na Theodore Rall, na wakaamua kufanya jambo ambalo wengi waliliona kama kazi bure. Wakati huo wanasayansi wengi waliamini kwamba homoni haiwezi kufanya kazi isipokuwa seli iwe nzima. Ivunje seli, nao uhai wa mawasiliano umekwisha, kama vile huwezi kuipigia simu iliyosagwasagwa. Lakini Sutherland alifikiri tofauti. Huwezi kujua nani alipeleka habari ndani ya nyumba kama hujaingia ndani ya nyumba.

Basi wakalisaga ini. Seli zikapasuka, wakapata mchanganyiko kama uji. Wakatia adrenalini na kemikali ya nishati iitwayo ATP. Kumbe ilifanya kazi! Fosforilesi iliamka ndani ya ule uji, bila hata seli moja nzima.

Kisha wakauweka uji huo katika mashine inayozungusha mirija kwa kasi kubwa, hadi vitu vizito vikashuka chini na maji safi yakabaki juu. Fosforilesi ilikuwa humo kwenye maji ya juu. Kule chini kulibaki mashapo, sehemu kubwa ikiwa ni vipande vya utando, ile ngozi nyembamba inayoizunguka seli.

Wewe ungefanya nini? Unataka fosforilesi, na fosforilesi iko kwenye maji. Wengi wetu tungemwaga yale mashapo, kama mpishi anayekamua tui la nazi kisha akatupa machicha. Lakini Sutherland na Rall walipotia adrenalini kwenye yale maji safi, hakuna kilichotokea. Kimya. Waliporudisha machicha yao, fosforilesi ikaamka tena.

Hapo sasa walijua kwamba mlango ambao adrenalini hubisha uko kwenye machicha. Ndio utando wenyewe wa seli.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyolifungua fumbo. Waliyachukua machicha peke yake, wakatia adrenalini na ATP, wakasubiri. Kisha wakauchemsha mchanganyiko huo. Unajua kinachotokea ukichemsha yai: protini zake huharibika, ute ukawa mgumu, na huwezi kuurudisha ulivyokuwa. Kwa hivyo protini zozote zilizokuwa kwenye machicha ziliharibika. Baada ya hapo wakachukua maji yaliyobaki na kuyamimina kwenye yale maji mengine yenye fosforilesi.

Fosforilesi ikaamka.

Tafakari maana yake. Adrenalini peke yake ilikuwa imeshindwa kuamsha chochote kwenye maji yale safi. Kwa hivyo si yeye aliyefanya kazi hii. Kulikuwa na kitu kingine, kitu kidogo, kisichoogopa moto, ambacho kilitengenezwa kwenye utando pale adrenalini ilipobisha. Adrenalini ni mjumbe wa kwanza, anayeishia mlangoni. Ndani kuna mjumbe wa pili anayechukua habari na kukimbia nazo.

Lakini mjumbe huyo alikuwa nani? Kitu chenyewe kilipatikana kwa kiasi kidogo mno. Sutherland alimwandikia barua Leon Heppel, bingwa wa kemikali za aina hiyo aliyefanya kazi katika taasisi ya kitaifa ya afya ya Marekani huko Bethesda. Wakati huohuo, Heppel alikuwa amepokea barua nyingine kutoka kwa mwanakemia David Lipkin, ambaye alikuwa ametengeneza kitu kigeni kwa kuichanganya ATP na kemikali nyingine. Heppel aliposoma barua zote mbili alitambua kwamba watu hawa wawili wasiowasiliana walikuwa wakieleza kitu kimoja, akawaunganisha. Na cha ajabu ni kwamba Lipkin alikuwa St. Louis, katika chuo kikuu kilekile alichokuwa amesoma Sutherland!

Kufikia mwaka wa 1958 jina la mjumbe wa pili lilikuwa limejulikana: AMP ya mzunguko, ambayo wanasayansi huandika kwa kifupi cAMP. Ni kipande cha ATP kilichojikunja kikajifunga kama pete.

Ungedhani dunia ingeshangilia mara moja. La hasha. Sutherland na wenzake walianza kuikuta cAMP kila walikochungulia. Si kwenye ini tu, bali kwenye moyo, misuli, mafuta na ubongo, na si kwa adrenalini tu, bali kwa homoni nyingine nyingi. Hilo ndilo lililowafanya wengi watilie shaka. Walijiuliza itakuwaje mjumbe mmoja abebe habari za homoni chungu nzima, na kila seli ielewe jambo lake.

Jibu ukitaka kulielewa, kumbuka kengele ya shule. Kengele ni moja na sauti ni moja. Lakini ikilia, wanafunzi hukimbilia darasani, mpishi huinjika sufuria na bawabu hufunga lango. Kengele haimwambii kila mtu afanye nini. Kila mtu anajua kazi yake. Vivyo hivyo, seli ya ini ikiona cAMP imeongezeka huachilia sukari, ya moyo hupiga kwa nguvu zaidi, ya mafuta huyeyusha akiba yake. Tena si kila homoni inayoweza kubisha kila mlango.

Sutherland hakubishana kwa maneno. Aliweka masharti. Ukitaka kudai kwamba homoni fulani inatumia cAMP, sharti uonyeshe kwamba homoni hiyo huchochea utengenezaji wa cAMP kwenye utando wa seli zilizosagwa. Kwamba cAMP huongezeka ndani ya seli nzima. Kwamba ukizuia cAMP isivunjwe, nguvu ya homoni huongezeka. Na kwamba ukitia cAMP yenyewe bila homoni, matokeo huwa yaleyale. Sharti moja likikosekana, rudi maabara. Polepole, ushahidi ukajikusanya hadi wapinzani wakakosa pa kusimama.

Mwaka wa 1963 aliacha uongozi wa idara akahamia Chuo Kikuu cha Vanderbilt mjini Nashville, ili apate muda zaidi wa utafiti. Kuna watu ambao wakipata kiti cha ukubwa hawakiachi hata kwa dawa. Yeye alikiacha kwa sababu ya pete ndogo ya kemikali. Huko kundi lake lilionyesha kwamba hata bakteria wa tumboni waitwao E. koli hutumia cAMP. Bakteria hao wakipungukiwa na sukari, cAMP yao hupanda. Kwa hivyo ishara ambayo mwili wako hutumia unapomkimbia mbwa ni ya kale kuliko wanyama wote.

Mwaka wa 1970 alipewa Tuzo ya Lasker, na mwaka uliofuata Tuzo ya Nobel ya Tiba. Tuzo hiyo mara nyingi hugawanywa kati ya watu wawili au watatu. Mwaka huo alipewa yeye peke yake.

Lakini hakupata muda mrefu wa kuifurahia. Mwaka wa 1973 alihamia Chuo Kikuu cha Miami, na tarehe 9 Machi 1974 akafariki baada ya kuvuja damu kwenye umio. Alikuwa na umri wa miaka 58.

Aliaga dunia kabla ya kuuona mlango wenyewe. Alijua kwamba adrenalini hubisha nje na cAMP hukimbia ndani. Kilichokuwa katikati hakukijua. Yeye na wenzake walikisia kwamba kinachopokea homoni na kinachotengeneza cAMP huenda ni sehemu mbili za kitu kimoja. Hapo hawakupatia, na kosa lao likawa kazi ya waliowafuata.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Martin Rodbell aligundua kwamba ili habari ipite kwenye utando, lazima kuwe na kemikali nyingine iitwayo GTP. Alfred Gilman naye, aliyekuwa mwanafunzi wa Theodore Rall kule Cleveland, akampata aliye katikati: protini inayoshikana na GTP, ikaitwa protini-G. Rodbell na Gilman walipata Nobel mwaka wa 1994. Kisha Robert Lefkowitz na Brian Kobilka wakachunguza mlango wenyewe, yaani kipokezi, hadi mwaka wa 2011 kundi la Kobilka likapata picha ya kipokezi cha adrenalini kikiwa kimeshikana na protini-G. Mwaka wa 2012 nao wakapata Nobel.

Leo tunaijua safari nzima. Kipokezi ni uzi wa protini ulioshonwa kwenye utando wa seli, ukipita ndani na nje mara saba. Adrenalini ikikikalia kwa nje, kipokezi hujipinda kidogo, na upande wake wa ndani hufunguka. Protini-G iliyokuwa ikisubiri pale huachia GDP iliyoishika na kushika GTP. Kitendo hicho huiwasha. Sehemu yake moja hujitenga na kwenda kukiamsha kimeng'enya kinachotengeneza cAMP. Kimeng'enya hicho hakitoi cAMP moja, kinatoa nyingi, nazo huamsha vimeng'enya vingine, kila kimoja kikiamsha vingine zaidi. Mbisho mdogo mlangoni unakuwa kelele ya nyumba nzima. Baadaye protini-G hukata GTP yake, ikajizima yenyewe.

Umuhimu wa kujizima huko unaonekana pale unaposhindikana, na sisi Wakenya tunaujua ugonjwa huo kwa jina. Ni kipindupindu. Sumu ya bakteria wa kipindupindu huiharibu protini-G kwenye seli za utumbo isiweze kujizima. cAMP hutengenezwa bila kukoma, seli humwaga chumvi, nayo maji huifuata, na mtu hukaukiwa na maji kwa muda wa saa chache tu. Ndiyo maana tunahimizwa kumpa mgonjwa maji yenye chumvi na sukari tunapomkimbiza hospitalini. Njia ya utumbo ya kufyonza sukari pamoja na chumvi bado inafanya kazi, na maji hupitia hapo kurudi mwilini.

Na yule mwenye pumu? Dawa anayovuta, kama vile salbutamol, hukalia kipokezi cha adrenalini kwenye misuli ya njia za hewa. Protini-G huwaka, cAMP hupanda, misuli hulegea, pumzi inarudi. Mwili wa binadamu una jeni takriban 800 za vipokezi vya ukoo huu, vikiwemo vinavyokuwezesha kuona mwanga na kunusa chapati za jirani, na karibu thuluthi moja ya dawa zinazotumika hulenga vipokezi vya aina hiyo.

Yote hayo yalianza na mtu aliyewahi kusukuma vitanda vya wagonjwa ili alipe karo, ambaye siku moja alisaga ini, akaangalia mashapo yaliyobaki chini ya mrija, na asiyamwage.

Kwa hivyo siku nyingine mbwa wa jirani akikutoa mbio, kimbia kwanza! Ukishafika salama, uketi, ukiweka mkono kifuani na kusikia moyo ukianza kutulia, kumbuka kwamba huko ndani protini-G zinajizima, moja baada ya nyingine, na ghala la ini lako linafungwa tena.